Vioo vya dirisha na paneli ya sola vimepauka kwa vumbi: ni uchafu au vimeharibika?

Mkazi wa Dodoma: Habari zenu, wanajukwaa. Nyumba yetu iko kando ya barabara ya vumbi, na vioo vya madirisha ya upande huo, pamoja na paneli ya sola iliyo juu ya bati, hubaki na utando mweupe hata vikioshwa kwa sabuni na maji ya kisima. Naomba kufahamishwa kama kioo chenyewe kimeharibika.

Fundi vioo: Salaam, ndugu. Lowesha sehemu ndogo kwa siki, subiri dakika chache, kisha suuza. Weupe ukitoka, hiyo ilikuwa chokaa iliyoachwa na maji ya kisima yalipokauka. Usipotoka, pitisha ukucha. Ukikwama, kuna mikwaruzo. Wengi huharibu vioo kwa kupangusa vumbi likiwa kavu. Vumbi la barabarani lina chembe za kwatzi (madini magumu ya mchanga), ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs ni 7, ilhali kioo cha kawaida ni kama 5.5, hivyo kila ukivuta kitambaa kikavu unakikwangua. Mwagia maji mengi kwanza, vumbi litiririke, ndipo uguse.

Mwalimu wa kemia: Naomba kuongezea. Kioo hutengenezwa kwa mchanga, chokaa na magadi (yale ya Ziwa Magadi, Kenya, hununuliwa na viwanda vya vioo). Umande ukikaa juu ya kioo, huifyonza polepole sodiamu iliyotokana na magadi. Mvua ikiusuuza, hapana neno; lakini vumbi hushikilia unyevu, na maji hayo machache huzidi kuwa alkali, hata pH (kipimo cha asidi na alkali) ikipita 9 hivi yakaanza kuula mchanga wenyewe ulioshikamanisha kioo. Ukungu huo hautoki kwa siki.

Mkazi wa Dodoma: Nashukuru sana. Siki imesafisha paneli, ila dirisha moja limebaki na ukungu pale chini, palipowahi kurukiwa na plasta.

Fundi vioo: Maji ya saruji ni alkali kali, kwa hiyo hapo kioo kimeshaliwa. Ukungu ukiwa wa juujuu, fundi anaweza kuusugua kwa oksidi ya seriamu (unga wa kung'arishia vioo). Ukiwa wa kina, badilisha kioo. Paneli ioshe alfajiri, kwa kuwa maji baridi juu ya kioo cha moto yanaweza kukipasua, usiiguse kwa waya wa kusugulia sufuria, na umalizie kwa maji ya mvua ukiwa nayo.