Siku moja Death Valley mwezi wa Juni: mtu wa Mwanza ajipangeje?

Mwana wa Nyegezi aliandika:

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Katikati ya mwezi wa Juni nitasafiri kwenda Las Vegas, Marekani, kwa mkutano wa kikazi wa siku nne, na Jumapili inayofuata nitakuwa huru kutwa nzima. Mwenzangu mmoja, mwenyeji wa Musoma, ambaye amekwisha kuendesha gari huko mara kadhaa, amekubali tukodi gari twende Hifadhi ya Taifa ya Death Valley, yaani Bonde la Mauti, iliyoko mwendo wa saa mbili hivi upande wa magharibi, kisha turudi siku hiyohiyo. Ningependa kuona jua likichomoza pale Zabriskie Point, kutembea kwa miguu ndani ya korongo la Golden Canyon, kukanyaga chumvi ya Badwater, kupita barabara ya Artists Drive na kumalizia kwenye vilima vya mchanga vya Mesquite Flat.

Maswali yangu ni mawili. Je, mambo hayo yote yanaingia katika siku moja, na yafuatane vipi? La pili ni kuhusu joto. Ndugu zangu wananionya kwamba mwezi huo haufai kabisa, lakini mimi nimekulia hapa ziwani, nimepanda miamba tangu utotoni, na kila Jumamosi nacheza mpira saa nane mchana kwenye uwanja usio na hata mti mmoja wa kivuli. Je, mazoea hayo hayanitoshi? Picha za huko nimeziona nyingi, ila picha haielezi mtu anajisikiaje akiwa amesimama pale, na ndiyo maana nawauliza waliofika.

Msafiri wa Igoma alijibu:

Kaka, niliishi Las Vegas kwa miaka minne na nimeingia katika bonde hilo mara sita, mbili kati ya hizo zikiwa mwezi wa Juni, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyapitia mwenyewe.

Yote uliyoyataja hayaingii katika siku moja ya Juni, na sababu si umbali bali ni saa. Wahifadhi wa pale wanawashauri wageni wasitembee kwa miguu katika sehemu za chini za bonde baada ya saa nne asubuhi wakati wa kiangazi. Ukilichukua shauri hilo kwa uzito, na nakuomba ulichukue, utaona kwamba siku yako ya kutembea inakwisha wakati watu wengine ndio kwanza wanakunywa chai.

Ondokeni Las Vegas saa tisa usiku. Pitieni mji wa Pahrump, mjaze mafuta hapo, kisha mpite Death Valley Junction mkafike Zabriskie Point kama saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijatoka. Nuru ya kwanza huanguka juu ya milima ya Panamint iliyo ng'ambo ya bonde, halafu inashuka taratibu hadi kwenye vilima vya udongo vya rangi ya manjano vilivyo chini yenu. Msiondoke mara tu jua linapotokea, kwa sababu rangi zile hubadilika kwa muda wa nusu saa nzima.

Saa kumi na mbili muwe mmeanza kutembea Golden Canyon. Kutoka mdomoni mwa korongo hadi chini ya kuta nyekundu wanazoziita Red Cathedral, kwenda na kurudi, ni kama kilomita 5. Kuna njia ndefu zaidi ya kuzungukia Gower Gulch, lakini kwa Juni iacheni. Wekeni saa ya kugeuka, tuseme saa moja na nusu, na ikifika mgeuke hata kama kuta zile nyekundu zimebaki hatua mia mbili. Baada ya hapo shukeni Badwater, kilomita 27 kusini ya Furnace Creek penye kituo cha wageni, mtembee kidogo juu ya chumvi, na katika kurudi ndipo mpite Artists Drive, kwa kuwa barabara hiyo ni ya upande mmoja na huingiwa kutokea kusini. Saa nne muwe ndani ya kituo cha wageni cha Furnace Creek penye kiyoyozi. Lipeni kwa kadi, kwa maana hifadhi hiyo haipokei fedha taslimu.

Kuhusu vilima vya mchanga, nitakuambia kilichonipata. Mara yangu ya kwanza tulifika Mesquite Flat saa sita na nusu mchana, nikavua viatu nilivyokuwa navyo kwa sababu vilikuwa vimejaa mchanga, nikavaa malapa. Kilima nilichokusudia kilionekana kipo karibu sana. Nilipofika katikati, mchanga ulikuwa ukimwagika juu ya vidole vyangu kila nilipokanyaga, na niliporudi garini ngozi ya juu ya miguu ilikuwa imetoa malengelenge mstari mmoja, palepale mikanda ya malapa isipofunika. Simu yangu ilikuwa imejizima kwa joto, na sikuwa na namna ya kumwita yeyote. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1972 udongo wa Furnace Creek ulipimwa ukafikia nyuzi joto 94. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Viacheni vilima hivyo kwa safari nyingine, kati ya Novemba na Machi.

Muuguzi mke wa Igombe alijibu:

Namshukuru Msafiri kwa maelezo yake mazuri. Mimi sijafika huko, lakini swali lako la pili liko katika kazi yangu, na nitalijibu bila kulipunguza: hapana, mazoea ya Mwanza hayatoshi, na tena yanaweza kukudanganya.

Hapa kwetu joto la mchana mara nyingi ni nyuzi 28 au 29. Unapocheza mpira saa nane, jezi inaloa, jasho linakuingia machoni, nawe unajua kwamba umechoka na unahitaji maji. Upepo wa ziwani ukivuma unakupoza. Katika bonde hilo wastani wa joto la mchana mwezi wa Juni ni kama nyuzi 43, na ngozi ya binadamu ina nyuzi kama 35 tu, maana yake upepo wa huko unakuongezea joto badala ya kukupunguzia. Jasho nalo hukauka kabla hujaliona. Shati lako litabaki kavu, nawe utajiona hujatoka jasho, kumbe unapoteza maji ambayo yanaweza kupita lita moja kwa saa.

Mama mkwe wangu anaanika dagaa pale Igombe. Wakati wa masika akiwatandaza asubuhi, jioni bado ni laini, na wengine huanza kunuka. Mwezi wa Juni upepo ukiwa mkavu, wale wa asubuhi ukimshika mmoja jioni anavunjika kati ya vidole kama kijiti, ingawa jua la mchana halikuzidi sana lile la masika. Kinachomkausha dagaa ni ukavu wa hewa pamoja na jua. Ukienda huko, kaka yangu, fahamu kwamba hewa ile itafanya kazi hiyohiyo mwilini mwako.

Kwa hiyo beba maji yasiyopungua lita 4 kwa kila mtu, na mimi ningeweka mengine kama hayo garini. Kunywa kidogo kidogo tangu alfajiri bila kusubiri kiu. Lakini maji matupu kwa wingi nayo yana hatari yake, kwa kuwa chumvi ya mwili hupungua, basi nunua pakiti kadhaa za ORS kwenye duka la dawa hapa nyumbani, ni za bei ndogo na hazina uzito, na uongeze vitafunwa vyenye chumvi. Usinywe pombe usiku wa kuamkia safari. Vaa shati jepesi la mikono mirefu na kofia yenye ukingo mpana.

Mchungane ninyi kwa ninyi. Mwenzako akilalamika kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza, safari ya miguu imekwisha hapohapo, rudini kwenye kiyoyozi. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, kupepesuka au kukataa msaada kwa ukali usio wa kawaida yake, hiyo ni dharura ya kufa na kupona: mpelekeni kivulini, mloweshe mwili wote kwa maji, mpepeeni, na mtafute msaada bila kuchelewa. Mtu aliyefika hapo hajitambui, kwa hiyo anayeamua ni yule aliye mzima.

Mwalimu wa Jiografia, Ilemela, alijibu:

Naomba niongeze jambo ambalo litamfurahisha mtu wa ziwa. Bonde hilo lilikuwa ziwa. Zama za barafu lilijaa maji ya ziwa ambalo wanajiolojia wamelipa jina la Manly, na kina chake kinakadiriwa kufikia mita 180 hivi. Ziwa Victoria letu, kwa ukubwa wake wote, kina chake kirefu kabisa ni kama mita 80. Upande wa kusini wa bonde kuna kilima kiitwacho Shoreline Butte, na ubavuni mwake bado ipo mistari iliyochongwa na mawimbi, mmoja juu ya mwingine, kama ile mistari ambayo maji yetu huiacha kwenye miamba pale yanapopungua. Hata udongo wa manjano utakaouona Zabriskie ni tope la ziwa jingine la kale zaidi, lililokauka mamilioni ya miaka iliyopita.

Chumvi ya Badwater ndiyo iliyobaki baada ya maji kupaa. Sehemu kubwa ni chumvi ya kawaida, ile ya mezani, tofauti na Ziwa Natron la kwetu ambalo limejaa magadi. Inamea katika umbo la vyumba vyenye pembe nyingi vyenye kingo zilizoinuka, nawe ukiinama utaona kingo hizo zimefanyika kwa sindano ndogo nyeupe. Tembea pale palipokwisha kukanyagwa. Mara chache maji hurudi: baada ya mvua za tufani Hilary, Agosti 2023, ziwa la kina kifupi lilitokea hapo na likadumu kwa miezi kadhaa, katika mahali ambapo mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 50 tu.

Ukiwa Badwater utakuwa mita 86 chini ya usawa wa bahari. Ufukwe wa Mwanza uko mita 1,134 juu ya usawa huo wa bahari. Geuka utazame jabali lililo nyuma ya maegesho, utaona kibao kidogo cheupe juu kabisa, na hapo ndipo usawa wa bahari ulipo. Kushuka huko ni sehemu ya sababu ya lile joto, kwa kuwa hewa inaposhuka hugandamizwa na kupata moto, na kuta za milima pande zote mbili hazipitishi upepo wa kutosha kuiondoa, huku safu za milima za magharibi zikiwa zimekwisha kuzuia mvua ya Pasifiki. Joto la nyuzi 56.7 lililoandikwa Furnace Creek tarehe 10 Julai 1913 bado ndilo linalotambuliwa rasmi kuwa la juu kuliko yote duniani.

Kwa hiyo napendekeza saa sita mchana, wakati wenzenu wanateseka chini, ninyi muwe Dante's View, mita 1,669 juu, ambako kuna ubaridi wa nyuzi kama 14 zaidi. Iko njiani mnaporudi. Mtasimama juu ya Badwater moja kwa moja na kuona bonde lote jeupe chini, na ng'ambo kilele cha Telescope chenye mita 3,366.

Dereva wa Ndabaka alijibu:

Mimi huwapeleka wageni Serengeti, na neno langu ni fupi. Simu hazishiki mtandao katika sehemu kubwa ya hifadhi hiyo, kwa hiyo chukueni ramani ya karatasi, na ramani ya simu ikiwaonyesha njia ya mkato ya vumbi msiifuate. Julai 1996 familia ya Wajerumani wanne ilichepukia njia ya namna hiyo na gari la kukodi, gari likakwama, na mabaki ya watu wazima wawili yalipatikana mwaka 2009. Kagueni upepo wa tairi zote pamoja na la akiba kabla ya kuondoka. Gari likiharibika, kaeni karibu nalo, msianze kutembea kutafuta watu.

Mwana wa Nyegezi aliandika:

Nawashukuru nyote kwa moyo wote. Kusema kweli nilidhani nitaambiwa nivae kofia basi, na ule mfano wa dagaa umenikaa, kwa sababu nimewashika kwa mkono wangu. Nimezungumza na mwenzangu tukakubaliana: vilima vya mchanga tumeviondoa, saa ya kugeuka Golden Canyon ni moja na nusu, na Dante's View imeingia. Ameongeza sharti moja, kwamba joto likiwa limepita nyuzi 35 tunapofika mdomoni mwa korongo tusiingie kabisa, nami nimelikubali.

Limebaki jambo dogo. Bibi yangu wa Ukerewe, niliyemweleza juu ya ziwa lililogeuka chumvi, ameniagiza nimletee kipande chake akione. Je, inaruhusiwa?

Msafiri wa Igoma alijibu:

Hairuhusiwi, kaka. Katika hifadhi za taifa za huko huchukui jiwe, ua wala chumvi, hata punje. Mpigie picha ukiwa umeweka kiganja chako chini kando ya zile sindano, ili aone ukubwa wake, na umfikishie shikamoo zetu.