Kikapu cha vyuo Marekani na katuni za familia: mdogo amefungiwa mlango, halafu tunaambiwa tushangilie

Wakuu,

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kikapu cha vyuo vya Marekani nimekipenda tangu enzi za Hasheem Thabeet wetu pale Connecticut. Nyumbani nina watoto, kwa hiyo kila katuni inayotoka lazima nikae niitazame, nitake nisitake. Hizo ndizo burudani za familia yangu, na zote mbili zinaharibiwa na watu wa aina moja: wenye fedha wanaoogopa jina jipya, wanaolizima kabla halijapata nafasi ya kujulikana.

Naanza na kikapu kwa sababu ndiko kunakoniuma zaidi.

Kwa wasiofuatilia: kila Machi timu za vyuo zinaingia kwenye mtoano, na mwaka 2025 zilikuwa 68. Ukifungwa mara moja umekwisha, hakuna mechi ya marudiano. Zinagawanywa kanda nne na kila kanda timu zinapangwa kuanzia namba 1 hadi 16 kwa ubora, aliye juu kabisa anaanza na aliye chini kabisa. Utamu wote uko hapo, kwamba chuo usichowahi kukisikia kinaweza kumwangusha mkubwa ndani ya dakika 40. Machi 2018 UMBC, namba 16, waliwapiga Virginia 74 kwa 54, na Virginia ndio waliokuwa wamepangwa juu ya timu zote za mashindano yale. Upande wa wanaume haijawahi kutokea kabla ya hapo. Mwaka 2023 Fairleigh Dickinson nao wakawafanyia hivyo hivyo Purdue, 63 kwa 58. Ndiyo maana ndugu zetu Dar na Mombasa wanakubali kukesha. Fainali ya 2025 ilianza karibu saa kumi alfajiri kwa saa za huko, na watu walikuwa macho.

Lakini mchezo ulionifanya niandike uzi huu ni wa 2022. Mimi naishi Kentucky. Huku Wakongo ni wengi, Kiswahili unakisikia sokoni na kanisani, na mwaka ule sote tulikuwa nyuma ya Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, aliyechaguliwa mchezaji bora wa vyuo vyote nchini. Kentucky namba 2 wakapangiwa Saint Peter's namba 15, chuo kidogo cha Wajesuiti kutoka Jersey City. Tshiebwe akatupia pointi 30 na kudaka rebaundi 16, yaani mipira iliyokosa kikapu, na bado tukafungwa 85 kwa 79 katika muda wa nyongeza. Iliniuma sana. Ila wale vijana walistahili. Walicheza kama watu waliozoeana miaka na miaka, kila mmoja anajua mwenzake atakuwa wapi. Wakaenda wakawatoa Murray State, wakawatoa Purdue, wakawa timu ya kwanza ya namba 15 kufika nane bora. Kufikia hapo hata sisi wa Kentucky tulikuwa tunawashangilia.

Sasa angalieni kilichofuata. Kocha wao, Shaheen Holloway, akachukuliwa na Seton Hall ndani ya siku chache. Wachezaji wakuu wakatawanyika kupitia potali ya uhamisho, yaani orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo: huyu Seton Hall, yule Bryant, mwingine St. Bonaventure, mapacha wakaenda La Salle. Msimu uliofuata chuo kilichoitikisa Marekani nzima kilikuwa kinaanza upya bila kocha yule na bila kikosi kile.

Mtasema kocha mzuri huondoka siku zote. Kweli, na mchezaji naye ana haki ya kutafuta maisha. Tena nataka nieleweke vizuri hapa, kwa sababu najua kuna watakaokuja kunishambulia: SIPINGI wachezaji kulipwa. Mkataba wa televisheni wa mashindano haya kuanzia 2025 hadi 2032 ni dola bilioni 8.8, na hadi katikati ya 2021 vijana wanaotoka jasho walikuwa hawaruhusiwi kuuza hata majina yao wenyewe. Ule ulikuwa wizi wa mchana. Julai 2025 vyuo vikaruhusiwa kuwagawia wanamichezo wao fedha, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka ule wa kwanza. Sawa, walipwe.

Ninachopinga ni hiki. Mchezaji anahama kutoka chuo kidogo kwenda kikubwa, na chuo kidogo hakipati hata senti moja. Sifuri! Kwetu Simba na Yanga wakimtaka kijana mwenye mkataba wa Mtibwa, lazima wakae mezani na Mtibwa wazungumze ada. FIFA wenyewe wana utaratibu wa fidia ya mafunzo, klabu iliyomlea kijana inapata chochote anapouzwa mbele. Tunalalamika kila siku kwamba soka letu halina utaratibu, lakini katika hili tumewazidi Wamarekani na mabilioni yao. Na tangu 2024 mchezaji akitimiza masharti ya masomo anaweza kuhama kila mwaka bila kukaa nje hata msimu mmoja.

Mnataka ushahidi? Tazameni mabingwa wa 2025, Florida, waliowafunga Houston 65 kwa 63 pale San Antonio. Mchezaji bora wa hatua ya nne bora alikuwa Walter Clayton Jr. Alitokea Iona. Aliyeongoza kwa pointi Florida kwenye fainali, 18, ni Will Richard. Alitokea Belmont. Mitupo huru miwili iliyowaweka mbele mwishoni kabisa ni ya Alijah Martin. Alitokea Florida Atlantic, timu ndogo aliyofika nayo nne bora mwaka 2023 na kukosa fainali kwa pointi moja. Hao watatu wana vipaji vya ajabu na ubingwa wameutolea jasho. Lakini vyuo vitatu vidogo viliwaokota, vikawafundisha, vikawatengeneza, halafu mkubwa mmoja akaja kuchukua vilivyoiva.

Matokeo yake yalionekana mwaka huo huo. Timu zote 16 zilizobaki baada ya wikiendi ya kwanza zilitoka ligi nne tu: SEC saba, Big Ten nne, Big 12 nne, na ACC moja, yaani Duke. Timu iliyopangwa chini zaidi kati ya hizo ilikuwa Arkansas, namba 10, nao si wadogo hata kidogo, kocha wao ni John Calipari yule yule tuliyekuwa naye Kentucky. Nne bora? Namba 1 wote wanne. Watangazaji wakatuambia ubora umepanda. Ubora upi? Mimi sikai hadi usiku wa manane ili nione mwenye nguvu akishinda kama ilivyopangwa. Hilo naliona kazini kila siku.

Na mdogo akijitahidi mwenyewe bila kuibiwa mtu, bado mlango ni mgumu. Indiana State 2024, hadi siku ya kuchagua timu za mtoano, walikuwa wameshinda mechi 28 na kupoteza sita. Walikuwa na yule Robbie Avila, senta wa miwani anayepiga pasi kama mlinzi, timu tamu kuliko nyingi nilizoona mwaka ule. Walifungwa fainali ya ligi yao na Drake, na kamati inayochagua timu zisizo mabingwa wa ligi ikawaacha nje. Wakapelekwa NIT, mashindano ya waliokosa ule mtoano mkubwa, wakafika fainali, wakafungwa pointi mbili na nani? Seton Hall ya Holloway. Baada ya hapo kocha akaenda Saint Louis na Avila akamfuata. Hadithi ile ile.

Halafu wakubwa hao hao wakaja na hoja ya kuongeza timu zifike 72 au 76, na wakaiuza kama huruma kwa wadogo. Mwaka 2025 SEC peke yao waliingiza timu 14 kati ya 16 walizonazo. Hizo nafasi mpya mnadhani zingechukuliwa na nani kama si timu ya kumi na tano na ya kumi na sita ya ligi tajiri?

Jambo moja dogo linalotuhusu sisi wageni, nalo linanichoma. Tshiebwe alikuwa kwa viza ya mwanafunzi. Wenzake wakasaini matangazo ya magari na vyakula hapa hapa mjini, yeye sheria ya viza ikamzuia kufanya biashara ya jina lake ndani ya Marekani. Mchezaji bora wa nchi nzima! Ilibidi asubiri timu isafiri kwenda Bahamas Agosti 2022 ndipo afanye kazi zake za matangazo huko. Wazazi wa Kiafrika mnaowapeleka watoto kwa njia ya kikapu, lisomeni hili kabla hamjaahidiwa mamilioni.

Sasa katuni.

Wanaotengeneza filamu za watoto wameingiwa na woga ule ule. Filamu ya katuni iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote 2024 ni Inside Out 2, dola bilioni 1.69. Moana 2 ikapita bilioni moja, na ile awali haikuwa filamu, ilikuwa tamthilia ya kutazamwa nyumbani, wakaigeuza ya sinema ili tukate tiketi. Ilionekana hivyo hivyo, vipande vipande, nyimbo zisizobaki kichwani. Simba wa The Lion King tumemuona 1994, tukamuona 2019, na Desemba 2024 wakatuletea hadithi ya baba yake. Majina ya Kiswahili yamewalisha miaka thelathini.

Mkisema ndicho watazamaji wanachotaka, angalieni namna kitu kipya kinavyopelekwa sokoni. Elio ya Pixar, hadithi mpya kabisa, iliwekwa Juni 20, 2025, wiki moja baada ya How to Train Your Dragon iliyorudiwa na waigizaji, na Lilo & Stitch nayo ya kurudiwa ikiwa bado kwenye kumbi tangu Mei. Mzazi mwenye watoto watatu hawezi kulipia filamu tatu ndani ya mwezi mmoja. Atachagua jina ambalo watoto wanalitaja. Elio ikafungua kwa takriban dola milioni 20.8, mwanzo mbaya kuliko wote katika historia ya Pixar, na wakubwa wakapata kisingizio cha kusema hadithi mpya haziuzi.

Haziuzi? Juni hiyo hiyo KPop Demon Hunters, hadithi mpya iliyotengenezwa na Sony, ilikuwa imekabidhiwa Netflix badala ya kupewa kumbi za sinema. Ikawa filamu iliyotazamwa kuliko zote katika historia ya Netflix. Agosti wakaiweka ukumbini kwa wikiendi moja ya kuimba pamoja na ikaongoza. Binti yangu nyimbo zote anazijua. Hakuna aliyemwandaa na sehemu ya kwanza, ya pili wala ya tatu.

Na ipo Flow. Hii nawaomba muitafute. Ni kazi ya Gints Zilbalodis wa Latvia, paka na wanyama wenzake kwenye mashua wakati maji yamefunika dunia, hakuna neno hata moja linalosemwa. Imetengenezwa kwa programu ya bure ya Blender na bajeti ya takriban euro milioni 3.5. Machi 2025 ikachukua Oscar ya katuni mbele ya hiyo hiyo Inside Out 2 ya mabilioni. Latvia haikuwa imepata Oscar kabla ya hapo. Nilikaa na watoto, mwanangu mdogo ambaye hatulii dakika tano alitulia mpaka mwisho, akauliza maswali kuhusu yule paka kwa wiki nzima. Ukumbi mkubwa wa huku kwetu uliionyesha kwa siku chache tu, saa za mchana ambazo watoto wako shule. Filamu ya mashujaa wenye nguvu za ajabu ikapewa vyumba vitatu.

Kwetu Afrika hasira inazidi. Julai 2023 Disney walitoa Kizazi Moto, filamu fupi kumi za Waafrika, humo yumo Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda. Jina la Kiswahili, kazi nzuri mno. Wakaiweka kwenye huduma yao ya kulipia ambayo wakati ule haikuwa imefunguliwa Kenya wala Tanzania. Mtoto wa Mwanza anasomewa jina la lugha yake kwenye tangazo, kazi yenyewe haruhusiwi kuiona! Wakati huo huo Ubongo Kids wanatengeneza katuni pale Dar es Salaam tangu 2014, kwa Kiswahili, na watoto wetu wanazipenda kweli. Mwenye bilioni za sehemu ya tano na ya sita hawaoni.

Ninachodai ni vitu vinavyowezekana. Chuo kinachomchukua mchezaji kilipe fidia kwa chuo kilichomlea. Bingwa wa msimu wa kawaida katika kila ligi ndogo awe na nafasi yake kwenye mtoano hata akiteleza kwenye fainali ya ligi. Na kumbi za sinema ziweke filamu moja mpya ya watoto Jumamosi saa za asubuhi, wiki tatu mfululizo, ndipo tuhesabu tiketi.

Wale mtakaokuja kuniambia soko ndilo linaloamua, karibuni, ila nijibuni kwanza: Iona, Belmont na Florida Atlantic walilipwa shilingi ngapi kwa ubingwa ule?