Kumhudumia baba bila kudai matunda: inawezekanaje?

Binti wa Pili ameuliza:

Wakuu, naombeni mnisaidie jambo hili.

Baba alipata kiharusi, upande wake wa kulia ukalegea. Mimi ndiye ninayemuuguza. Kila asubuhi nikishamwogesha namkunjua vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja, maana usiku hujikaza, kisha namwambia, "Baba, jaribu kidole gumba." Hapo macho yangu yote yanahamia kwenye kidole hicho. Kikitikisika, siku nzima nina nguvu. Kisipotikisika, moyo unanishuka, namvalisha shati harakaharaka, hata kuongea naye nashindwa. Na yeye anaona. Jana alinitazama, akageuzia uso ukutani.

Nasoma Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, nimekwama sura ya 2, mstari wa 47, pale Mungu Krishna anapomwambia mpiganaji Arjuna kwamba haki yake ni kutenda, matunda si haki yake. Nitamnyooshaje baba vidole bila kutaka vipone? Nikiacha kutaka, si nitakuwa nimeacha kumpenda?

La pili: nina kaka wawili. Hupiga simu kuuliza hali, basi. Kutenda bila kutazamia malipo ndiyo kusema nisiwaombe chochote, niendelee kimya kimya?

Msafiri Mtulivu:

Pole sana dada kwa kuuguza. Ninavyoelewa mimi, Gita inafundisha kukubali. Fanya mazoezi kwa kuwa daktari kasema, mengine mwachie Mungu. Ukishazoea kutojali matokeo, kidole kisipotikisika hakitakuumiza. Kaka zako waachie dhamiri zao.

Muuguzi Mstaafu:

Dada, pole na kuuguza. Nimelelewa katika dini ya Kihindu, mama yangu akisoma mistari ya Gita kwa sauti kabla hakujapambazuka, na kazi yangu ilikuwa uuguzi wodini, wagonjwa wa kiharusi wakiwa wengi. Swali lako limenigusa pande zote mbili.

Ndugu Msafiri anasema kutojali. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Usome mstari wa 47 mpaka mwisho: una haki juu ya tendo; huna haki juu ya matunda; matunda yasiwe ndiyo yanayokusukuma; wala usishikamane na kutotenda. Hilo la mwisho watu huliruka. Aliyekuwa akiambiwa ni mpiganaji aliyekwisha kuuweka upinde wake chini, kaketi kwenye gari lake la vita katikati ya majeshi mawili pale Kurukshetra, anasema hapigani. Kama somo lilikuwa kutojali, Arjuna alikuwa tayari amefaulu.

Mohandas Gandhi, ambaye tafsiri yake ya Gita kwa Kigujarati ilitoka mwaka 1930, aliandika katika utangulizi kwamba kuacha matunda si kupuuza matokeo: kwa kila tendo mtu ajue matokeo yanayotazamiwa, njia ya kuyafikia na uwezo wa kuifuata. Hilo linakuhusu moja kwa moja. Kidole gumba lazima ukitazame, kutazama ni sehemu ya kazi. Chukua daftari, andika tarehe, andika kama kimetikisika na vidole vilikaza kiasi gani. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakuuliza. Kinachokuumiza, kwa nionavyo, ni kwamba unakitazama pia ili kikwambie kama wewe ni binti mwema, kama jana ulijitahidi vya kutosha. Kidole hakijui hayo.

Sura ya 18, mstari wa 14, inataja mambo matano yanayolitimiza tendo lolote: mwili ambamo linafanyika, mtendaji, vyombo vyake, juhudi za namna mbalimbali, na la tano ni lile lililo mikononi mwa mbingu. Mstari huo nilikuwa nikiukumbuka sana wodini. Wagonjwa wawili wa umri mmoja wanapewa mazoezi yaleyale, mmoja anafika kushika kijiko na mwingine hafiki, kwa kuwa sehemu ya ubongo iliyokosa damu haikuwa moja wala ukubwa wa jeraha haukuwa sawa. Nafuu kwa kawaida huja kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo, halafu hupunguza mwendo, ingawa si lazima ikome. Wewe ni jambo moja katika hayo matano. Ukijitwika yote, utaanguka kabla ya mgonjwa wako.

Sasa tuje kwenye shati, maana hapo ndipo uliponitia wasiwasi. Mkono dhaifu huingia kwanza kwenye shati, na wakati wa kuvua hutoka mwisho. Unaukusanya mkono wa shati mpaka kwapani, unapitisha kiganja cha baba, unaupandisha taratibu hadi begani, na muda wote huo mkono wako mwingine umekishika kiwiko chake. Usiuvute kamwe. Misuli ya bega lililolegea hailishikilii tena sawasawa. Likivutwa hushuka kutoka mahali pake na maumivu yake hudumu. Na anayevuta ni nani? Ni yule ambaye moyo umemshuka kwa sababu ya kidole. Tunda ulilolikosa dakika chache nyuma linaharibu tendo lililo mkononi mwako sasa hivi. Sura ya 2, mstari wa 50, inasema yoga, yaani njia ya kuitawala nafsi, ni ustadi katika matendo, nami nimeuelewa hivyo miaka yote ya kazi: wakati wa bega, akili yote iwe begani.

Hutaliweza kwa siku moja. Katika sura ya 6 Arjuna mwenyewe analalamika kwamba akili ni ngumu kuizuia kama upepo, na Krishna hambishii. Anakiri kuwa ni kweli, kisha anamwambia hushikika kwa kurudia tena na tena na kwa kuachilia. Kuhusu upendo, soma sura ya 12 kuanzia mstari wa 13. Inapomweleza mtu anayempendeza Krishna inaanza na asiyechukia kiumbe yeyote, aliye rafiki, mwenye huruma. Utulivu katika raha na taabu unatajwa baada ya hapo.

Swali Gumu:

Mkuu Muuguzi, umeeleza vizuri, ila tusimeze kila kitu. Gita hiyohiyo, sura ya 3, mstari wa 35, inasema heri wajibu wako ukiufanya kwa kasoro kuliko wa mwingine ukiufanya vizuri, na sura ya 18 inayagawia matabaka manne ya Kihindu kazi zao. B. R. Ambedkar, mwenyekiti wa kamati iliyoandaa rasimu ya katiba ya India, aliikosoa kwa kuyapa matabaka hayo utetezi wa kifalsafa. Majumbani hoja huja kwa sura nyingine: "huo ni wajibu wa binti." Nani kaupanga? Dada asije akatulizwa kwa maneno mazuri huku kaka zake wamekaa.

Muuguzi Mstaafu:

Hoja yako ni ya haki, na mistari ya matabaka siitetei. Wengi waliozaliwa chini wameumizwa kwayo. Lakini Gita ni sehemu ndogo tu ya Mahabharata, utenzi mrefu wa kale wa India, na ndani ya utenzi huohuo, kitabu cha 3, kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote kuhusu wajibu.

Brahmini mmoja, yaani mtu wa tabaka la makuhani, jina lake Kaushika, alifikiri amefika mbali kwa kujinyima, hata akamtazama ndege aliyemchafua kwa hasira na ndege akafa. Akaenda kuomba chakula kwenye nyumba moja. Mama wa nyumba akamchelewesha kwa kuwa alikuwa akimhudumia mumewe. Brahmini akakasirika, mama akamwambia yeye si yule ndege, akitaka kuijua dharma, yaani wajibu na mwenendo wa haki, aende mji wa Mithila kwa mwuza nyama. Akaenda, akamkuta buchani. Mwuza nyama akamfundisha kwa kirefu, kisha akampeleka ndani kwake kumwonyesha wazazi wake wazee anaowahudumia. Halafu akamwambia Kaushika jambo ambalo hakulitarajia: wewe uliwaacha wazazi wako bila idhini yao ukaenda kusoma vitabu vitakatifu, nao wamepofuka kwa huzuni, rudi kwao.

Aliyerudishwa nyumbani ni mwana wa kiume, tena msomi. Kwa hiyo dada, waombe kaka zako. Kuomba nako ni tendo, lifanye kwa ustadi: taja siku na kazi yenyewe, usiseme tu "nisaidieni." Watakavyojibu ni juu yao. Kunyamaza huku kinyongo kinakua ndani hakuna uhusiano wowote na kuachilia matunda.

Binti wa Pili:

Asanteni sana, hasa kwa maelezo ya shati. Nilikuwa naanza na mkono mzima. Leo nimeanza na ule dhaifu, na baba hakukunja uso kama kawaida yake. Kidole nimekiandika kwenye daftari: hakikutikisika. Imeniuma, ila tuliendelea kuongea.

Nimewaandikia kaka zangu kila mmoja peke yake, nimetaja siku. Mkubwa amekubali usiku wa Jumamosi, mdogo hajajibu. Sasa nahofia Jumamosi: itabidi ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, na kaka hajawahi kufanya hivyo. Nikeshe naye?

Muuguzi Mstaafu:

Mwite kaka Jumamosi mchana, kabla giza halijaingia. Mgeuze baba yeye akiangalia, kisha amgeuze yeye wewe ukiangalia, na mto kati ya magoti mmuwekee pamoja. Mwandikie kwenye karatasi saa za kumgeuza, na upande wa kulalia kila mara. Baada ya hapo nenda ukalale chumba kingine. Sura ya 6, mstari wa 16 na wa 17, inasema wazi kwamba yoga haimfai anayelala kupita kiasi wala anayejinyima usingizi. Usimpigie simu kila saa. Baba akiwa na homa, au ukiona wekundu kwenye ngozi usiopotea ukibonyezwa, kaka akuamshe.

Kwa mdogo, ngoja siku chache, kisha muulize tena.