Penix, zamu ya nane na lawama za wachambuzi: tulionewa au tuliambiwa ukweli?

Mwanzisha mada, Clarkston, Georgia

Wadau, habari za leo. Kila Falcons, timu yetu ya Atlanta, wakifungwa hoja hii inarudi upya, kwa hiyo naomba tuimalize hapa kwa heshima, bila matusi.

Kwa asiyefuatilia mpira wa Kimarekani: kila Aprili timu 32 za ligi ya NFL huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni, raundi saba, timu zilizofanya vibaya zikitangulia. Hiyo ndiyo drafti. Tarehe 25 Aprili 2024 kule Detroit, zamu ya nane ilikuwa yetu Atlanta. Tukamchukua Michael Penix Jr., kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) wa mkono wa kushoto, kutoka Chuo Kikuu cha Washington. Wiki sita tu kabla ya hapo tulikuwa tumemsajili kwotabeki mwingine, Kirk Cousins: miaka minne, dola milioni 180, milioni 100 kati ya hizo akiwa na uhakika nazo hata akikaa benchi. Usiku uleule wachambuzi wakatushukia kama mvua: kwotabeki wa pili wa nini?

Hapa mtaani tuko wengi tuliotoka Kongo, na watoto wetu wamekulia kwenye jezi za timu hii. Siku ile karibu kila mtu alisema vyombo vya habari vinatuchukia. Mimi sikukubali, na mpaka leo sikubali. Kumlaumu mchezaji ni jambo moja, kuulaumu uongozi kwa namna ulivyoitumia zamu yake ni jambo lingine. Kama Penix anajua kucheza au hajui, hilo hakuna aliyeweza kulijua Aprili. Lakini kama klabu yenye mabeki wanyonge na kwotabeki mpya wa milioni 100 ilipaswa kuchukua kwotabeki wa pili, hilo lilihukumika usiku uleule.

Kumbukeni drafti ile ilivyokwenda. Wachezaji 14 wa kwanza wote walikuwa wa safu ya mashambulizi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mlinzi wa kwanza, Laiatu Latu, alichukuliwa na klabu ya Colts zamu ya 15. Maana yake ilipofika zamu yetu, walinzi wote wa nchi nzima walikuwa mezani. Wote! Na sisi tulikuwa tumetoka kuchukua washambuliaji miaka mitatu mfululizo: Kyle Pitts 2021, Drake London 2022, Bijan Robinson 2023. Msimu uliofuata tulimwangusha kwotabeki wa wapinzani mara 31 tu, karibu mkiani mwa ligi nzima.

Karibuni.

Shabiki wa Eagles, Philadelphia

Kaka, nakuheshimu lakini hapa nakupinga. Sisi yametukuta hayohayo. Mwaka 2019 tulimwongezea kwotabeki wetu Carson Wentz mkataba wa dola milioni 128. Aprili 2020, raundi ya pili, zamu ya 53, tukamchukua kwotabeki mwingine, Jalen Hurts. Wachambuzi walishangaa, na sisi mashabiki tukawafuata: unamnunulia Wentz mshindani wa nini? Februari 2025 Hurts akatupa Super Bowl, fainali ya ubingwa wa NFL, tukawapiga Chiefs 40 kwa 22, naye akatangazwa mchezaji bora wa mechi.

Tena mashabiki wa mji huu ndio wa mwisho kupaswa kuamini joto la usiku wa drafti. Mwaka 1999 walikuwepo watu waliosafiri mpaka New York kumzomea Donovan McNabb kwa sababu walimtaka Ricky Williams. Kijana anapanda jukwaani kushika jezi, siku kubwa kuliko zote maishani mwake, anapokelewa kwa zomeazomea. Akaja kutufikisha Super Bowl. Yale makelele ya 1999 yalitoka wapi kama si kwenye redio za michezo?

Dada wa Nairobi

Mimi naangalia drafti saa tisa usiku, na kitu kinachonikera ni hizi alama ambazo wachambuzi huzipa klabu. A, B, C, D, kama karatasi ya mtihani, na hakuna aliyecheza hata dakika moja. Mwaka 2012 Seattle walimchukua Bruce Irvin zamu ya 15, Bobby Wagner ya 47, Russell Wilson ya 75. Wapo waliowapa alama za chini kabisa. Miaka miwili haijaisha Wilson na Wagner wanabeba kombe, Denver wamepigwa 43 kwa 8.

Kwa nini alama zinatolewa usiku uleule? Kwa sababu ndio usiku watu wanasoma. Ukingoja miaka mitatu, ambao ndio muda wa haki, nani atafungua ukurasa wako? Simlaumu mwandishi anayetafuta riziki, lakini shabiki asiichukue alama ile kama hukumu ya mahakama.

Mchangiaji mwingine, Atlanta

Wanatuchukia tu. Klabu ya Green Bay walipomchukua kwotabeki Jordan Love zamu ya 26 mwaka 2020 wakati tayari wana kwotabeki Aaron Rodgers, leo wanaitwa wenye maono. Sisi tukifanya hivyohivyo tunaitwa wajinga.

Mwanzisha mada

Mdogo wangu, hapo kumbukumbu imekupotea. Green Bay walisemwa vibaya mno mwaka ule, na Rodgers akawa mchezaji bora wa ligi 2020 na 2021, lawama zikazidi. Sifa zimekuja Love alipoanza kucheza vizuri. Hakuna aliyewapendelea.

Kaka wa Philadelphia, Hurts ni mfano mzuri, ila hebu tazama bei. Zamu ya 53 na zamu ya nane si bei moja. Zamu ya 53 unaweza kuitumia kama bima. Zamu ya nane unategemea mtu atakayeanza Septemba. Na tusisahau Cousins mwenyewe ametoka wapi: mwaka 2012 timu ya NFL ya Washington walitoa zamu nyingi za thamani kumpata kwotabeki Robert Griffin III, wa pili kwenye drafti, halafu raundi ya nne drafti ileile wakamchukua Cousins. Watu waliuliza maswali kama haya tunayouliza sasa, na baadaye Cousins ndiye aliyebaki uwanjani. Lakini ilikuwa raundi ya nne! Ningekuwa wa kwanza kuipongeza Atlanta kama Penix angechukuliwa huko.

Dada yangu wa Nairobi, kuhusu alama naungana nawe kabisa. Zifutwe hata kesho. Ninachotetea ni swali, si alama.

Shabiki wa Eagles, Philadelphia

Sawa, tuzungumze bei. Cousins alikuwa anaelekea miaka 36 na ametoka kukatika kano ya kisigino Oktoba 2023. Msimu wa 2024 akacheza mechi 14, akarusha pasi 16 zilizoingia mikononi mwa wapinzani, akawekwa benchi Desemba. Bila Penix mngemweka nani? Uongozi uliona hatari ambayo wachambuzi hawakuiona.

Mwanzisha mada

Kama waliiona hatari, kwa nini walisaini milioni 100? Hapo ndipo nagoma. Ungeniambia walimchukua Penix na kumtafutia mzoefu wa bei nafuu wa kumlea, ningesimama upande wako. Ungeniambia walimwamini Cousins na zamu ya nane wakachukua mlinzi, ningesimama pia. Walichofanya ni kulipa mara mbili kwa kiti kimoja. Na deni likaja 2025: baada ya kumchukua Jalon Walker zamu ya 15, wakawapa klabu ya Rams zamu yao ya raundi ya kwanza ya 2026 ili wapande hadi zamu ya 26 kumpata James Pearce Jr. Wote wawili ni walinzi wa kumkimbiza kwotabeki wa wapinzani. Kile walichokipita bure 2024, mwaka mmoja baadaye wakakinunua kwa zamu mbili na ya tatu juu.

Dada wa Nairobi

Hoja ya pesa umeshinda. Lakini kuna jambo moja limenikaa moyoni na sijaliona hapa. Penix chuoni aliumia misimu minne mfululizo: goti la kulia mara mbili, mabega. Usiku ule watu waliuorodhesha mwili wake kwenye televisheni kama gari la mtumba, miaka na kilomita. Hamkuona?

Mimi nilimtazama mechi ya Desemba 2024 ugenini kwa Washington. Imebaki dakika moja na kidogo, mko nyuma kwa saba, jaribio la nne, yaani la mwisho, na yadi 13 za kwenda. Mtoto yule, mechi yake ya pili tu kuanza, akasimama, akaurusha kwa Pitts ndani ya eneo la bao. Sare, 24 kwa 24. Mlifungwa muda wa nyongeza, ndiyo. Lakini huyo si mtu wa kusimuliwa kwa majeraha peke yake. Novemba 2025 goti la kushoto likaumia dhidi ya Carolina, msimu ukaisha, na wapo walioandika kama wanafurahia kwamba walisema mapema.

Mchangiaji mwingine, Atlanta

Dada, hicho ndicho nilichotaka kusema sikupata maneno. Klabu wailaumu wanavyotaka. Goti la mtu si ushahidi wa hoja ya mchambuzi.

Mwanzisha mada

Hapo tuko pamoja wote watatu. Tarehe ya kuumia kwake haithibitishi chochote kuhusu Aprili 2024, si upande wangu wala upande wa wanaotetea. Mwaka ule ningepinga zamu ile hata kama ningeambiwa hataumia kamwe. Na akirudi akatupa kombe, nitaimba jina lake uwanjani, na bado nitasema Latu alikuwa mezani.

Shabiki wa Eagles, Philadelphia

Akiwapa kombe, kaka, hutamkumbuka Latu. Mimi jina la aliyekuwa mezani tulipomchukua Hurts silijui, na sijawahi kulitafuta.