Mrejesho: ule mkuki wa Bontoc wenye kutu

Wadau, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza namna ya kuondoa kutu kwenye mkuki wa Wabontoc, kundi mojawapo la Waigorot, watu wa milima ya Cordillera, Luzon, Ufilipino, nilioununua mnadani.

Aliyenikataza msasa na siki, Mungu akubariki. Nilipaka mafuta ya cherehani, nikauacha siku mbili, kisha nikasugua polepole kwa sufi ya chuma laini kabisa. Kutu nyekundu imetoka, chini yake chuma cheusi chenye makovu ya nyundo shingoni. Raha yake kukishika!

Na kumbe yule aliyebisha jina alikuwa sahihi. Nilikuwa nauita falfeg, lakini falfeg ni ule wenye miba, yaani ndoano pembeni mwa chembe. Huu hauna, kwa hiyo ni fangkao. Kama ni wa zamani au wa kuuzia watalii, bado siapi.

Nilipoharibu ni kwenye henzirani, ule ufito uliozungushiwa mkuki. Mlisema nisiiguse, mimi nikailowesha nikitaka kuikaza, ikakatika mizunguko mitatu. Vipande viko kwenye bahasha, gundi sitii. Uti nimeufuta kwa kitambaa kikavu tu.

Asanteni sana, hasa mlionigombeza mapema.