CT ya mishipa ya mapafu kabla ya kuchomwa moyo, ni lazima?

Wadau, mama ana atrial fibrilesheni (moyo unapiga bila mpangilio), wanataka kumchoma sehemu ndogo ndani ya moyo kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa mshipani) ila kwanza CT (picha ya skana) ya mishipa inayorudisha damu moyoni kutoka mapafuni. Eko (ultrasound ya moyo) ameshapiga, hii ya nini tena?

— Pole mkuu. Eko ya kifuani haiioni vizuri ile mishipa, iko nyuma kabisa. 1998 Haïssaguerre na wenzake, Bordeaux, walionyesha cheche nyingi za umeme zinazoanzisha tatizo hili zinaanzia humo, ndo maana wanachoma kuzunguka midomo yake, pale inapoingia moyoni. Wengi wanayo minne, ila wengine miwili ya kushoto imeungana mdomo mmoja, au kulia kuna wa ziada, bora daktari ajue mapema.

— Apime kreatinini (kipimo cha damu cha figo) kwanza, kontrasti (dawa ya CT inayodungwa mshipani) na figo dhaifu hapana! Kuna MRI pia badala ya CT.

— Tunzeni hiyo CD ya picha, mshipa ukija kusinyaa baada ya kuchomwa watalinganisha.