Ndama anayehara na mtoto anayetambaa: je, rotavirusi hutoka bandani na kuingia ndani ya nyumba?

MamaKihamba (Rombo):
Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Tunaishi kihambani (shamba la migomba linalozunguka nyumba), na banda la ng'ombe liko hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni, kama ilivyo kwa majirani zetu wengi. Ndama wetu, akiwa na umri wa wiki moja hivi, alianza kuhara kinyesi cha majimaji chenye rangi ya njano, na afisa mifugo akasema kwamba anashuku rotavirusi, kirusi kinacholeta kuhara. Siku hizo hizo mwanangu wa miezi 10, anayetambaa na kutia mdomoni kila anachookota, alianza kutapika, kisha akahara. Sasa ameanza kupata nafuu. Mama mkwe ameshikilia kwamba ndama ndiye aliyemwambukiza na anataka tumuuze. Je, jambo hilo linawezekana? Na kwa nini mtoto ameugua wakati kadi yake ya kliniki inaonyesha kwamba alipata matone ya chanjo ya rota mara zote mbili?

DaktariWaMifugo:
Poleni sana kwa kuuguza. Rotavirusi huwapata ndama, nguruwe, wana-kondoo na binadamu, lakini kila kundi lina aina zake zilizolizoea, na kwa kawaida kirusi cha ng'ombe hakistawi vizuri katika utumbo wa mtoto. Watoto walio wengi huambukizwa na binadamu wenzao: kaka aliyetoka shuleni, mlezi, au mtoto wa jirani.

Hata hivyo, mama mkwe hajakosea kabisa. Jeni za kirusi hiki zimegawanyika katika vipande 11, na endapo kirusi cha ng'ombe na kile cha binadamu vitaingia kwa pamoja katika seli moja ya utumbo, vinaweza kubadilishana vipande na kuzaa kirusi kipya. Ndiyo maana aina ya G8, ambayo huonekana sana kwa ng'ombe, imewahi kupatikana kwa watoto wengi nchini Malawi. Mabadilishano ya namna hiyo hutokea mara chache, na bila vipimo vya maabara hakuna anayeweza kusema kwamba ndama wenu ndiye chanzo. Kumuuza hakutasaidia, kwa kuwa mtapeleka kinyesi chenye maambukizi kwenye boma la mwingine.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba ndama wa umri huo anayehara anaweza kuwa na kriptosporidia, kimelea ambacho humwingia mtoto kwa urahisi kuliko rotavirusi ya ng'ombe, na ambacho hakifi kwa klorini ya kawaida. Kwa hiyo, hata kama rotavirusi haikutoka bandani, kinyesi cha ndama huyo kisifike mahali mtoto anapotambaa.

MuuguziKliniki:
Dada, chanjo haikupotea bure. Hapa Tanzania ilianza kutolewa katika kliniki zote mwaka 2013, kwa matone ya mdomoni katika wiki ya 6 na ya 10, na kazi yake kubwa ni kuzuia kuhara kukali kunakomkausha mtoto maji mwilini, si kuzuia kila ugonjwa wa kuhara. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, chanjo hiyo ilipunguza ugonjwa mkali kwa takriban nusu nchini Malawi na kwa zaidi ya robo tatu nchini Afrika Kusini. Mtoto aliyechanjwa anaweza kuugua, lakini uwezekano wa kulazwa hospitalini hupungua sana.

Endelea kumnyonyesha, mpe ORS (maji yenye mchanganyiko maalumu wa chumvi na sukari) kidogo kidogo kwa kijiko kila baada ya choo, na zinki miligramu 20 kwa siku kwa muda wa siku 10 hata kama kuhara kutakoma mapema. Usimpe antibiotiki bila kuandikiwa, kwa sababu haziui virusi. Macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa, akilegea, akikosa mkojo kwa saa nyingi au ukiona damu kwenye choo, mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku.

MfugajiMzee:
Mwanangu, buti za bandani ziachwe bandani. Kwetu tulizoea kuingia nazo jikoni tukiwa na ndoo ya maziwa, na samadi ilibaki pale pale sakafuni ambapo wajukuu hukaa. Anayemhudumia ndama anawe kwa sabuni hadi kwenye viwiko kabla ya kumshika mtoto.

MamaKihamba (Rombo):
Asanteni sana, na shikamoo mzee. Sakafu ya banda niimwagie klorini? Na ndama atakayezaliwa baadaye nimkinge vipi?

DaktariWaMifugo:
Klorini hupoteza nguvu ikikutana na kinyesi. Zoa samadi na matandiko yote, sugua kwa maji na sabuni, acha pakauke, ndipo uimwage, ukikumbuka kwamba kriptosporidia huhitaji zaidi ukavu na jua. Ndama ajaye apate dang'a (maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyetoka kuzaa) ya kutosha ndani ya saa 6 za mwanzo, kisha uendelee kumpa kwa siku kadhaa, kwa sababu kinga iliyomo hubaki utumboni na kukabiliana na kirusi hapo hapo. Mtenge na huyu mgonjwa, na umhudumie yeye kwanza, mgonjwa baadaye.